Niuze Fuso ya marehemu mume wangu, au niitengeneze tena?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, na ninafanya biashara ya mchele katika eneo la Mwanjelwa hapa Mbeya. Ninanunua mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, ninaukoboa hukohuko, kisha ninaleta mchele mjini na kuuza kwa jumla kwa wenye hoteli, mama lishe na maduka machache, na sehemu nyingine huchukuliwa na wateja wa Tunduma.

Biashara hii tuliianza pamoja na mume wangu, ambaye alifariki dunia miaka mitatu iliyopita. Yeye alishughulika na usafiri, nami nikashughulika na ununuzi na wateja. Alituachia Fuso ya tani 7 ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Katika uhai wake gari hilo halikuwahi kulala njiani, kwa kuwa alikuwa akilisikiliza jinsi mzazi anavyosikiliza pumzi za mtoto mgonjwa, na mlio ukibadilika kidogo tu alisimama. Tangu aondoke, gari hilo limekuwa likinimaliza. Katika miezi 14 iliyopita nimefumua injini na kuisuka upya kwa shilingi 6,500,000, nimebadilisha giaboksi kwa shilingi 2,200,000, na nimenunua matairi kwa shilingi 2,400,000. Nilikuwa nimepanga safari mbili kila mwezi, yaani safari 28, lakini Fuso ilikwenda 19 tu. Safari 9 zilizobaki nililazimika kukodi malori ya watu kwa shilingi 4,000 kwa gunia, na kila safari hubeba magunia 60 ya kilo 100. Katika kukodi huko, mara mbili mzigo ulichelewa kwa siku moja, na mara moja lilipungua gunia moja ambalo dereva anashikilia hadi leo kwamba hakuliona. Nikienda na Fuso yangu, mafuta hunigharimu takriban shilingi 195,000 kwa kwenda na kurudi, dereva humlipa 40,000 na utingo 15,000, na wenzangu hunipakizia magunia 10 katika nafasi inayobaki kwa bei hiyohiyo ya 4,000.

Mwezi Machi, tukiwa tunarudi usiku, injini ilizimika tulipofika Chimala, mvua ikawa inanyesha, na turubai letu lilikuwa na tundu. Nililala juu ya magunia nikiwa nimelifunika tundu hilo kwa khanga na kwa mgongo wangu mwenyewe. Asubuhi magunia manne yalikuwa yamelowa, na mteja mmoja wa Tunduma akaniambia kwa upole kwamba ameshapata mtu mwingine.

Sasa fundi anasema injini inahitaji shilingi 5,000,000 nyingine. Nina kiasi hicho hasa, ambacho nitapokea kwenye mgao wa kikoba chetu. Amejitokeza mnunuzi kutoka Makambako anayelitaka gari jinsi lilivyo kwa shilingi 17,000,000, lakini amenipa hadi mwisho wa mwezi huu wa Mei. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amesema mbele ya watu kwamba gari la kaka yake haliuzwi kama mbuzi. Kijana wangu mkubwa, aliyemaliza kidato cha nne, anataka tuuze ili afungue duka la simu. Rafiki yangu mmoja ananishauri niweke rehani nyumba, nikope, ninunue gari lililo jipya zaidi.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba nimekwisha kutia zaidi ya shilingi milioni 11 kwenye gari hili. Nikiliuza leo, si nitakuwa nimezitupa? Tafadhali, Mama, niambie jambo moja tu: niuze au nisiuze?

Mama wa Watatu,
Mwanjelwa, Mbeya.

—

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba ambao ninaona bado haujatoka ndani ya nyumba yako ingawa miaka mitatu imepita.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari za gari, mara ya pili nikaona habari za mume, na mara ya tatu ndipo nilipotambua kwamba habari za mchele, ambao ndio unaowalisha wewe na wanao, umezimaliza kwa sentensi moja na kuendelea na mengine. Hilo si kosa la uandishi. Nafikiri ndivyo mambo yalivyokaa kichwani mwako kwa sasa: Fuso imeegeshwa mlangoni pa mawazo yako yote, na kila wazo linalotaka kutoka linagonga bodi yake.

Uliniomba nikujibu jambo moja tu. Sitaweza, kwa sababu swali lenyewe ndilo lililokubana. Profesa Paul Nutt wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitumia miongo kadhaa akikusanya maamuzi ya wakuu wa mashirika na kuyafuatilia aone yaliishia wapi, na mojawapo ya mambo aliyoyakuta ni kwamba uamuzi uliojengwa juu ya wazo moja tu, la kulikubali au kulikataa, ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kuliko ule ambao wahusika walijipa njia mbili au tatu za kulinganisha. Walikuwa watu wenye makatibu na wahasibu, na bado waliingia kwenye mtego huohuo wa kuuliza “tufanye au tusifanye”. Niuze au nisiuze ni swali la namna hiyo. Lina gari ndani yake, lakini halina mchele.

Kabla sijakuonyesha swali ambalo ningependa uliweke mahali pake, niruhusu tuziondoe njiani zile milioni 11, maana zikibaki hapo hatutaona kitu. Ulitumia shilingi 11,100,000. Ukiuza gari, fedha hizo zimekwenda. Ukilitengeneza, zimekwenda vilevile. Ukilichoma moto, zimekwenda. Hakuna njia hata moja kati ya zote unazoweza kuchagua leo itakayokurudishia shilingi moja kutoka kwa fundi yule, na kwa sababu hiyo hazina haki ya kupiga kura katika uamuzi huu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Tatizo letu ni kwamba huwa tunaendelea kumwaga ndoo ya pili palepale ili ile ya kwanza isionekane imepotea bure. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio ambalo watu waliokwenda kununua tiketi za msimu mzima wa maigizo waligawiwa kwa bahati tu: wengine wakalipa bei kamili na wengine wakapewa punguzo wasilolitarajia. Maigizo yalikuwa yaleyale na viti vilevile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria mara nyingi zaidi. Walikuwa wakiifuata fedha yao ukumbini, kama wewe unavyoifuata yako gereji.

Nami sikucheki. Niliwahi kuwa na duka Makambako ambalo lilikuwa limekufa mwaka mzima kabla sijalizika, na sababu pekee iliyonifanya niendelee kulipa kodi ya chumba ni rafu nzuri za mbao za mninga ambazo nilizitengenezesha kwa fedha nyingi. Nilikuwa ninapanga sabuni kwenye rafu, ninafuta vumbi, ninasubiri wateja wasiokuja, na mtu akinishauri nifunge ninamwonyesha rafu.

Sasa tushike kalamu. Safari moja na Fuso yako inagharimu mafuta 195,000, dereva 40,000 na utingo 15,000, jumla shilingi 250,000. Toa 40,000 unazopata kwa magunia 10 ya wenzako, zinabaki 210,000. Hapo ndipo ulipokuwa ukiishia kuhesabu, ninavyohisi, na ndiyo maana Fuso ilionekana nafuu kuliko lori la kukodi, ambalo kwa magunia 60 unalilipa 240,000. Lakini zile 11,100,000 za matengenezo zilitumika ili safari 19 zifanyike. Zigawanye kwa 19 na utapata zaidi ya 584,000 kwa kila safari. Ukijumlisha na 210,000, kila mara ulipokwenda Ubaruku na gari lako mwenyewe ulitumia karibu shilingi 794,000.

Utaniambia kwamba matairi bado yapo na giaboksi bado ni nzima, kwa hiyo si haki kuzibebesha safari 19 mzigo wote. Ni kweli. Basi tupunguze gharama ya matengenezo hadi nusu yake, tukidhani nusu nyingine itatumika mbele ya safari: 292,000 na 210,000 ni 502,000, yaani bado zaidi ya mara mbili ya bei ya kukodi, na hapo sijaweka bima, wala siku ulizopoteza gereji, wala yale magunia manne ya Chimala. Kwa upande wa kukodi, nataka niwe mwadilifu vilevile, kwa hiyo niweke lile gunia lililopotea. Tuchukue kwamba mchele ule ungeuzwa kwa shilingi 2,200 kwa kilo. Gunia zima ni 220,000, na ukilitandaza juu ya safari 9 linaongeza kama 24,000 kwa kila safari. Kukodi kwako, pamoja na wizi, kuligharimu kama 264,000.

Angalia jambo hilo kwa makini, maana ni zuri kuliko unavyodhani. Kwa muda wa miezi 14 ulikuwa ukiendesha biashara mbili sambamba, moja ikiwa na gari lako na nyingine ikiwa haina, na ukaandika gharama za zote mbili. Watu hulipa washauri ili wafanyiwe jaribio la namna hiyo. Wewe ulilifanya bila kukusudia, ukaliita balaa, na daftari likabaki limefungwa.

Mwaka 1985 huohuo, kampuni ya Intel ya Marekani ilikuwa ikipoteza fedha katika bidhaa iliyowalea, yaani chipu za kumbukumbu za kompyuta, kwa kuwa Wajapani walikuwa wakizitengeneza kwa bei ambayo wao hawakuiweza. Wakuu walijua hesabu zinasema nini, lakini kuachana na bidhaa hiyo kulikuwa sawa na kujikana. Siku moja Andrew Grove akamwuliza mkuu wake, Gordon Moore: tukifukuzwa, na bodi ikaleta mkuu mpya, unadhani atafanya nini? Moore akajibu kwamba mtu huyo angeziacha chipu za kumbukumbu. Grove akasema, basi kwa nini mimi na wewe tusitoke mlangoni, tukarudi ndani, tukafanya hivyo wenyewe? Wakafanya.

Kwa kiasi chako, swali hilo linakuja hivi. Chukulia kwamba huna Fuso kabisa, una shilingi 17,000,000 taslimu mkononi na 5,000,000 za kikoba, na wewe ni mama mwenye wateja wa mchele Mwanjelwa. Asubuhi hii kuna mtu anakuuzia Fuso kuukuu yenye injini iliyokufa kwa 17,000,000, na anakwambia kwamba baada ya hapo utaongeza 5,000,000 ili iwake. Je, ungeinunua? Kama jibu lako ni hapana, na nina hakika ulicheka kidogo ulipolisoma swali, basi ujue kwamba kila siku unayobaki nalo unalinunua upya.

Kwa hiyo kuhusu zile 5,000,000 nitasema bila kuzunguka: usizitie kwenye injini hiyo. Na kuhusu kuweka nyumba rehani, namwomba radhi rafiki yako, lakini mtu aliyeshindwa kumudu matengenezo ya gari moja hatapona kwa kuongezewa gari lenye deni juu ya paa la watoto.

Hilo ni la kukataa. Sasa la kutafuta. Badala ya kuuliza gari nilifanyeje, uliza: mchele utokao Ubaruku ufikeje kwa wateja wangu ukiwa mkavu, ukiwa kamili na kwa siku niliyowaahidi? Swali hilo unalibandika juu ya karatasi, unakaa peke yako, na unaandika njia kumi bila kufuta hata moja, zikiwemo za kipuuzi. Nasema peke yako kwa sababu. Watu wengi wanaamini kwamba mawazo mapya hupatikana kwa kuita kikao na kurushiana maneno, lakini tangu utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958 imeonekana mara nyingi kwamba watu wanne wakiandika kila mmoja kivyake, kisha wakaunganisha karatasi zao, hupata mawazo mengi kuliko wanne walioketi pamoja wakizungumza. Kwenye kikao mmoja anaongea na wengine wanasubiri zamu, na wazo linalosubiri zamu hufa. Ukiongeza na shemeji mwenye sauti kubwa, ndiyo basi.

Nilijaribu zoezi hilo kwa niaba yako, na nakuonyesha lilivyokwenda ili uone kwamba halina uchawi. Mawazo matatu ya kwanza yalikuwa ya kawaida: kukodi kwa safari kwa safari, kukodi kwa mkataba wa msimu, kuuza Fuso na kununua kirikuu cha kusambazia mchele mjini kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole. La nne nililipata kwa kujiuliza ni lori gani linalokuja Mbeya likiwa tupu, kwa sababu Fuso yako yenyewe ilikuwa ikienda Ubaruku tupu kila mara na hukulitaja hilo kama hasara. Kuna malori yanayopeleka saruji, bati na mbolea Rujewa na vijiji vya jirani. Ulizia yanarudi na nini. Dereva anayerudi bila mzigo hana nguvu ya kukutajia bei ya juu. La tano lilikuwa kumpa fundi wako ubia katika gari, ili yeye atengeneze kwa gharama zake na mgawane mapato. Sikulipenda, lakini lilinifundisha kitu, kwa maana fundi akilikataa utajua anaiamini kiasi gani injini anayotaka uilipie. La saba lilikuwa la kipuuzi: reli ya TAZARA, ambayo hupita Mbarali kabla ya kufika Mbeya. Kwa magunia 60 halina maana yoyote. Lakini nilipokuwa ninataka kulikata nikajiuliza, na yakiwa magunia 300 je? Hapo nikawakumbuka wale wenzako wanaokupakizia magunia 10. Wao nao wanahangaika na usafiri. Mkiwa watano mkaungana, mnakodi lori kubwa moja badala ya kila mtu kubembeleza nafasi, na bei ya gunia mnaijadili kama watu wenye mzigo. Wazo baya lilinifikisha kwenye wazo ambalo nisingelifikia kwa njia ya mkato, na ndiyo sababu nakukataza kufuta.

Wazo ninalolipenda kuliko yote linahusu ghala. Mwezi huu mpunga unaanza kushuka mashambani na bei yake iko chini, wakati bei ya usafiri inapanda kwa kuwa kila mtu anataka lori kwa wakati mmoja. Wewe unakoboa mara moja na kuondoka na mchele, kwa hiyo unalazimika kupata lori siku hiyohiyo. Lakini mpunga ulio na ganda lake huvumilia ghalani kuliko mchele uliokwisha kukobolewa. Ukizipeleka zile 5,000,000 kwenye mpunga mkavu, ukapanga sehemu ya ghala hukohuko Ubaruku, na ukawa unakoboa kwa kadiri ya oda, utakuwa wewe ndiye unayechagua siku ya kusafirisha. Kausha vizuri, panga magunia juu ya mbao na si juu ya sakafu, na usimwachie mtu mmoja ufunguo. Hayo unayajua kuliko mimi.

Kuhusu gunia lililopotea, shona magunia yako yote kwa uzi wa rangi moja ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Dereva ahesabu na kutia sahihi wakati wa kupakia, ahesabu tena wakati wa kushusha, na nusu ya nauli aipate baada ya hesabu ya pili. Wizi hautakwisha, lakini utakuwa na jina.

Ukishapata njia mbili au tatu zinazosimama, ndipo uwaite shemeji na kijana wako, na usiwaulize wanaonaje. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein alieleza mwaka 2007 namna ya kuendesha kikao cha aina hiyo, ambayo kwa Kiingereza ina jina linalotokana na uchunguzi wa maiti, na mbele yako sitalitumia. Unawaambia hivi: tuchukulie ni mwezi Mei mwakani, tulifuata njia hii, na imeharibika kabisa; kila mmoja aandike imeharibikaje. Uzuri wake ni kwamba anayepinga haonekani msaliti, na anayekubali analazimika kutafuta matundu. Shemeji ataandika kwamba wenye malori walipandisha bei wakati wa mavuno. Vizuri, hilo ni tundu la kweli, na dawa yake ni mkataba wa msimu au ghala. Kijana ataandika, pengine, kwamba mama alikosa mtu wa kusimamia upakiaji. Hapo unayo kazi ya kumpa, yenye mshahara, kabla hujazungumza naye habari za duka la simu. Hilo la simu silikatai. Nasema tu kwamba bado ni wazo moja lisilo na la kulilinganisha nalo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuligusa, nami lilinishtua. Kadi ya gari iko kwa jina la nani? Kama bado inasoma jina la marehemu, na kama hakuna aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, huna mamlaka ya kuliuza, na mnunuzi wa Makambako hawezi kulihamisha kihalali hata akikulipa leo. Utahitaji cheti cha kifo, na kwa kawaida mahakama huuliza muhtasari wa kikao cha familia kilichokupendekeza wewe au mtu mwingine. Ukishateuliwa, unauza kwa niaba ya warithi wote, wakiwemo wanao watatu, na unawajibika kuonyesha mahakamani fedha zilikwenda wapi. Anza na Mahakama ya Mwanzo ya eneo lako na uulize utaratibu unaokuhusu, maana hutegemea pia kama mirathi inafuata mila, dini au sheria ya serikali.

Unaona jambo hilo linavyobadilisha sura ya mengine. Tarehe ya mnunuzi ilikuwa yake, haikuwa yako, na sasa huwezi kuifuata hata ukitaka. Mwambie ukweli. Akiwa anataka gari atasubiri, na akiondoka, watu wa kununua Fuso hawajaisha barabara hii, ingawa nakubali kwamba gari lililosimama hushuka bei kila mwezi, kwa hiyo usilalie karatasi hizo. Na shemeji, ambaye ulikuwa unamwona kama kizuizi, unamhitaji kwenye muhtasari ule. Mwendee kabla ya kikao, mkiwa wawili, na umwonyeshe hesabu ya 794,000 bila kumwambia uamuzi. Nadhani alichokuwa akikitetea mbele ya watu hakikuwa usafiri wa mchele.

Vivyo hivyo na wewe. Uliandika kwamba mume wako alikuwa akilisikiliza gari kama pumzi za mtoto. Ilikuwa ni masikio yake yaliyolifanya lisilale njiani, na hayo hayakubaki kwenye injini. Gharama uliyolipa kwa miezi 14 ilikuwa, kwa sehemu kubwa, gharama ya kumkosa yeye, na hakuna fundi ambaye angeitoza kidogo zaidi.

Malori ya kwetu Nyanda za Juu huwa na maandishi kwenye ubao wa nyuma, na sidhani kama lake lilikosa, ingawa hukuniandikia ni maneno gani. Kabla ya kupatana bei na mtu yeyote, mwambie kwamba ubao huo haumo kwenye mauzo. Seremala atamtengenezea mwingine kwa siku moja, na mnunuzi angeupaka rangi juu kwa vyovyote vile. Mpe shemeji kazi ya kuufungua. Upana wake unatosha kukaa juu ya mlango wa stoo yako ya Mwanjelwa.